Ukitaka mtoto wa Kidalit asome, anza na makaratasi

Ndugu na marafiki hapa Dar wakisikia kwamba nilipokuwa nasoma Pune, mji wa jimbo la Maharashtra nchini India, nilijitolea kufundisha watoto wa Kidalit, huniuliza: tutume nini? Madaftari? Mabegi? Moyo huo ni mzuri, lakini kwa niliyoyaona, madaftari hayakuwa shida kubwa. Shida ni mtoto kuendelea na masomo akishavuka miaka 14, umri ambao sheria ya India ya 2009 ya elimu ya bure inaishia.

Kwa asiyewajua, Wadalit ndio waliowekwa chini ya ngazi zote za matabaka ya Kihindu, wakaitwa wasioguswa. Katiba ya 1950, ibara ya 17, ilipiga marufuku ubaguzi huo. Dkt. B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika, alikuwa Mdalit mwenyewe. Alipokuwa mtoto alikalia gunia lake darasani na hakuruhusiwa kugusa bomba la maji. Katika mtaa niliofundisha, picha yake imetundikwa karibu kila nyumba, na watu husalimiana "Jai Bhim", yaani "Ushindi kwa Bhim", kifupi cha jina lake Bhimrao, kwa heshima yake.

Sasa makaratasi. Kuanzia darasa la 11 kuna ufadhili wa serikali, lakini mwanafunzi lazima awe na cheti cha tabaka. Katika jimbo la Maharashtra, familia hutakiwa kuonyesha kwamba ilikuwa ikiishi humo kabla ya tarehe 10 Agosti 1950, na ushahidi unaotumika sana ni cheti cha shule cha baba au babu. Hebu fikiria: babu aliyefukuzwa mlangoni mwa shule kwa sababu ya tabaka lake, ndiye ambaye jina lake linatafutwa kwenye rejista ya shule ili kuthibitisha tabaka hilo hilo. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Dada aliyeendesha darasa letu la jioni, ambaye sote tulimwita Tai (dada mkubwa kwa Kimarathi) kama watoto walivyomwita, alikuwa na faili la plastiki kwa kila familia. Humo mna kadi ya chakula, nakala za vyeti, na risiti za ofisini. Kuna mama mmoja ambaye Tai alimsindikiza kwa basi hadi wilaya ya Beed, wapekue rejista kuukuu ya shule ya kijiji wapate jina la baba mkwe. Wakalipata, limeandikwa kwa herufi zilizokosewa, ikabidi waanze safari nyingine ya kiapo. Kila safari, mama anakosa kibarua cha siku. Nauli ile na kibarua kile ndivyo vinavyoamua kama binti ataendelea na masomo, na ni wafadhili wachache wanaotaka kulipia kitu kama hicho.

Jambo la pili ni posho ya watu kama Tai. Mwalimu aliyezaliwa mtaa uleule anajua nani amehamia mashamba ya miwa na wazazi wake tangu Oktoba, na nani anaozwa mapema. Pune inayo historia ya walimu wa kujitoa: Savitribai Phule na mumewe Jyotirao walifungua shule ya wasichana huko mwaka 1848, na Savitribai akirushiwa matope na kinyesi cha ng'ombe njiani, akawa anabeba sari ya kubadilisha. Watoto wetu waliijua habari hiyo kwa moyo.

Picha za watoto wameshika zawadi, tafadhali, acheni.

Kuhusu fedha, jihadharini. Sheria ya India inahesabu mchango wa raia wa kigeni, hata anayeishi humo humo, kuwa fedha za nje, na shirika lisilo na usajili maalumu haliruhusiwi kuupokea. Vikundi vidogo vingi havina usajili huo. Uliza kwanza, usimtie mtu matatani kwa hisani yako. Kama una kijana anayesoma huko, atoe muda wake: hesabu na Kiingereza cha darasa la 9 na la 10, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na asikose kipindi cha mitihani, maana mwezi Machi ndipo Tai huwa amezidiwa.