Funguo za gitaa zinazolegea

SWALI: Natengeneza magitaa ya mninga. Funguo za kukazia nyuzi ninazonunua kwa bei poa hazishiki sauti. Nikichukua za gia 18:1, tatizo litaisha?
Fundi, Kizota, Dodoma

JIBU: Si lazima, fundi. 18:1 maana yake unazungusha kishikio mara 18 ili mhimili, yaani kijiti kinachozungushiwa uzi, uzunguke mara moja. Kulenga sauti kunakuwa rahisi kuliko 14:1, lakini gia mbovu ni mbovu tu. Ukiwa dukani, bana mhimili kwa vidole, tikisa kishikio huku na huku. Kikicheza kabla mhimili haujasogea, rudisha. Jaribu zote sita. Seti moja huweza kuwa na nzuri nne na mbovu mbili. Kwa vumbi la Dodoma, chukua zenye gia iliyofungwa ndani ya kasha la grisi.

Pima kabla ya kutoboa: nyingi za kasha hutaka tundu la milimita 10, za mtindo wa zamani hutaka dogo zaidi. Skrubu zake ni nyembamba. Bila tundu la awali la milimita 1.5, mninga utazikata kichwa. Zipake sabuni kwanza. Kiangazi mbao zikisinyaa, nati ya mbele hulegea, ikaze taratibu kwa spana.

Ila kabla hujalaumu funguo, sikiliza. Ukikaza uzi ukalia "tik", umekwama kwenye kidaraja cha juu shingoni. Panua mfereji wake kidogo sana, paka unga wa penseli. Mhimilini uzi uzunguke mara mbili au tatu, basi.