Muulize Mjomba wa Gatini: Korosho, makaa na reli isiyofika

Mhariri amenirundikia barua za mizigo. Anadhani kwa kuwa nilikuwa wakala wa forodha pale bandarini Mtwara, basi najua kila kilichopita langoni. Sijui kila kitu, ila mzigo naujua. Barua ndefu nimezipunguza, wenyewe mnisamehe.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni katibu wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, Tandahimba. Kila msimu wa korosho kunazuka ubishi uleule: mzigo utoke bandari ya Mtwara au upelekwe Dar es Salaam kwa malori? Mtwara ni hapa tu, Dar ni safari. Inakuwaje mbali pawe nafuu kuliko karibu? Na sisi inatuhusu nini, maana korosho ikishauzwa mnadani si yetu tena?

Marahaba mpwa wangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowapotosha wengi. Mnunuzi hafungui kinywa mnadani kabla hajapiga hesabu ya kuufikisha mzigo India au Vietnam. Lori, ghala, kontena, meli, vyote anavitoa kwanza kwenye bei atakayoandika. Kwa hiyo nauli ya korosho unailipa wewe, hata kama lori hujaliona.

Sasa kwa nini Dar huonekana nafuu. Sababu ni kontena tupu. Dar inapokea bidhaa za nchi nzima na za majirani: matairi, nguo, vipuri, friji. Kontena likishapakuliwa pale linabaki na hewa, na mwenye meli yuko radhi kulikodisha kwa bei ya kutupa ili lisirudi Asia bure. Huku kwetu tunatoa kwa wingi na kupokea kidogo. Kontena la korosho mara nyingi lazima lisafirishwe tupu mpaka Mtwara, na hewa nayo inalipiwa nauli baharini. Ongeza kwamba msimu wenyewe unabanana Oktoba mpaka Januari hivi, kisha gati linapoa. Kampuni ya meli haipangi ratiba ya mwaka kwa shehena ya miezi michache.

Malori nayo yana mchezo wao. Lori limeleta mchele, sukari na mabati kutoka Dar, limeshusha Masasi au Mtwara mjini, na limeshalipwa. Dereva hataki kurudi kilomita zaidi ya 500 akiwa mtupu, kwa hiyo anakubali korosho kwa bei ya mafuta na posho ya utingo. Hapo ndipo mnunuzi anakuja kukwambia barabara ni rahisi. Ni rahisi kwake, siku hiyo.

Gharama iliyobaki, ya kuchakaa kwa barabara, haiandikwi kwenye ankara. Mwaka 1958 mpaka 1960, kule Illinois, Marekani, wahandisi walizungusha malori kwenye barabara za majaribio mpaka zikachakaa. Waliona uharibifu haukui sawasawa na uzito wa ekseli, unakua kwa karibu kipeo cha 4. Chukua kalamu: ekseli ya tani 10 ukiiongeza ikawa 13, uzito umeongezeka kwa asilimia 30, lakini barabara imeumia karibu mara 3. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ikaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na ndiyo maana kuna foleni kwenye mizani. Anayepita na lumbesa usiku anawakopa walipa kodi wote, na halipi.

Halafu kuna Somanga. Mei 2024, wakati wa mvua zile na Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Kilwa, na Lindi na Mtwara tukawa kisiwa. Mabasi na malori yalilala njiani siku kadhaa. Wenye haraka walizungukia Songea. Bahari ilitulia baada ya kimbunga kupita, lami haikujitengeneza.

Meli ya tani 30,000 inabeba mzigo wa semi 1,000, yale malori marefu ya trela, zenye tani 30 kila moja. Gati tunalo: lile la zamani, na jipya la mita 300 lililojengwa juzijuzi. Kinachokosekana ni mzigo wa kuingia. Na hapa mpwa wangu ndipo ninyi wa ushirika mnapoweza kufanya jambo badala ya kusubiri tamko. Salfa mnayopuliza kwenye mikorosho inatoka nje. Magunia ya juti nayo yanatoka nje. Kila tani ya vitu hivyo inayoshushwa Dar na kuletwa kwa lori ni kontena mmeliacha Dar. Chama kikuu kikiandika kwenye mkataba wa mzabuni kwamba salfa ishuke Mtwara, makontena yatashuka pamoja nayo. Salfa huja mapema mno, najua. Mwenye kontena hatalilaza Mtwara toka Mei mpaka Oktoba akisubiri korosho. Magunia ndiyo yanayofika karibu na msimu. Kwa hiyo nikichagua moja la kupigania, napigania magunia.

Neno la ziada kuhusu bahari, kwa sababu nimeona watu wakilia. Korosho ikiingia kwenye kontena bila kukauka vizuri, kontena linatoka jasho. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, unyevu unapanda na kudondoka juu ya magunia. Mzigo unafika na ukungu. Kausha kwanza, kisha tandika maboksi na mifuko ya kunyonya unyevu. Mvua za Desemba hazimsubiri karani wa ghala, na lori lililokaa siku nyingi nje ya ghala kuu na turubai bovu limeshaharibu kazi kabla meli haijaonekana.

Mjomba shikamoo. Ninauza chakula Mangaka. Malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga ndiyo yananisomeshea watoto. Nasikia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inakuja. Je, nihame? Na hili vumbi la makaa linalotusumbua je?

Marahaba mama. Usihame leo. Reli hiyo inazungumzwa tangu zamani. Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ushoroba wa Mtwara mwaka 2004, na watoto waliozaliwa mwaka ule wameshamaliza sekondari. Ni karibu kilomita 1,000 ukijumlisha matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, kule Ludewa kwenye makaa na chuma. Siyo kazi ya kulala na kuamka.

Lakini sitakudanganya. Ukiniuliza mzigo gani kusini unaililia reli, nitasema makaa kabla ya korosho. Ni mazito, hayaozi, hayaibiwi kwa mfuko wa rambo, yanatoka mgodi uleule kwenda gati lilelile mwaka mzima. Kuyabeba zaidi ya kilomita 700 kwa matairi, semi nyuma ya semi kupitia Songea na Tunduru, ni kitu kilichoshika kasi kwa sababu bei ya makaa duniani ilipanda baada ya vita vya Ukraine, na lori ndilo lililokuwa tayari. Lori lina sifa hiyo: linakuja ukiliita. Chuma juu ya chuma kinateleza kwa urahisi kuliko mpira juu ya lami, kwa hiyo kichwa kimoja cha treni kinavuta kwa mafuta kidogo shehena ambayo ingehitaji madereva kadhaa, kila mmoja na wali maharage wake. Hao ndio wateja wako. Treni ya makaa haisimami Mangaka kula wali.

Ila hata penye reli nzuri malori hayaishi. Uswisi, wananchi walipiga kura mwaka 1994 wakataka malori yanayokatiza milima ya Alps yahamie relini. Mwaka 2001 wakaanza kutoza malori kwa uzito na umbali. Wakachimba handaki la Gotthard, kilomita 57, likafunguliwa mwaka 2016. Walitaka malori yasizidi 650,000 kwa mwaka milimani, na muda waliojiwekea ukapita hawajafika. Na wale wana pesa, wana handaki, na mizani yao hailali. Kwa hiyo kwako wewe: sikiliza stesheni itawekwa wapi, siyo reli itapita wapi. Kwenye stesheni ya kupakia mizigo kuna makuli, makarani, madereva wa lori fupi, wote wana njaa. Kiwanja cha karibu na stesheni kinunue kabla ya wajanja, lakini subiri mpaka uone bikoni za wapimaji, siyo maneno ya mkutano wa hadhara.

Na vumbi la makaa unalolilalamikia mwishoni mwa barua, hata sisi wa bandarini tunalijua. Korosho ni chakula. Kuipakia jirani na makaa hakupendezi. Ndiyo maana kuna mpango wa bandari nyingine Kisiwa Mgao kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa na saruji.

Mjomba, mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nachingwea. Babu anasema zamani treni ilifika hapa. Wenzangu wananicheka. Ni kweli?

Babu yako yuko sahihi, waambie wenzako wamnunulie soda. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapo kwenu Nachingwea. Walihitaji njia ya kutoa karanga, wakajenga reli. Kwanza ilianzia Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, kwa sababu Mtwara ilikuwa haijawa bandari. Hori la Lindi lina kina kidogo, meli zilikaa nje na mizigo ikaletwa kwa matishali, vyombo bapa vya kupakulia meli. Ndipo wakachagua Mtwara yenye maji ya kina, wakajenga gati na kuivuta reli mpaka huku, na tawi likaenda Masasi.

Karanga hazikuota kama zilivyoota kwenye makaratasi. Mradi ukafutwa mwaka 1951. Reli ikabaki na vichwa na mabehewa, haina cha kubeba, ikaendelea kwa hasara mpaka ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Gati likabaki, kwa sababu gati likikosa mzigo mwaka huu halidai matengenezo ya kila kilomita.

Hiyo ndiyo sababu nikisikia mtu anasema "tuletewe reli" namuuliza kwanza: itapakia nini kwenda, na itapakia nini kurudi? Ya Waingereza ilikosa majibu yote mawili. Hii ya sasa ina jibu la kwanza, makaa na chuma. La pili linaweza kuwa mbolea, mafuta na saruji kwenda Ruvuma, Malawi mpaka Zambia, kama watu wa huko watakubali kuiamini Mtwara badala ya njia walizozizoea. Na usitegemee itapanda Newala. Treni haipendi mlima. Korosho za huko juu zitashuka kwa lori mpaka bondeni hata hiyo reli ikijengwa kwa dhahabu.

Mjomba, kaka yangu anaishi Ujerumani, anasema kule mizigo inapita mtoni kwa mabarji. Sisi tuna Ruvuma. Tunangoja nini?

Tunangoja maji, mpwa. Mto Rhine ni kweli unabeba makaa, kemikali, nafaka na makontena kutoka Rotterdam mpaka Basel. Lakini ule umenyooshwa, umechimbwa na kulindwa kwa zaidi ya karne, na bado ukame wa mwaka 2018 na wa 2022 uliushusha kiasi kwamba pale Kaub, Ujerumani, barji zilipita na sehemu ndogo tu ya mzigo wake. Ruvuma yetu kiangazi ina mafungu ya mchanga, na fungu la mwaka huu siyo lilipokuwa mwaka jana. Mitumbwi na viboko wanaelewana nayo. Barji ya tani 1,000 haitaelewana.

Maji ya bara tuliyo nayo ni Ziwa Nyasa. Zipo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja imeundwa kubeba tani 1,000, na ng'ambo ya Mbamba Bay kuna Nkhata Bay ya Malawi. Kaka yako akija likizo mpeleke huko, ataona ninachosema.

Assalaam alaykum mkubwa mwenzangu. Nahodha wa jahazi, Kilwa Kivinje. Mnazungumza meli na reli, sisi tumekufa?

Waalaykum salaam nahodha. Hamjafa, ila mnunuzi wa korosho hatakupa mzigo wake, na siyo kwa dharau. Benki yake inataka hati ya shehena na bima, na bima inataka chombo kilichokaguliwa. Kwa chumvi, saruji ya duka, mbao na vitu vya kwenda Songo Songo na Mafia, sioni wa kukushinda, hasa kusi ikivuma ukienda kaskazini. Fika ofisi ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, iliyo karibu nawe uulize masharti ya ukaguzi wa chombo cha mbao. Ukikipata cheti niandikie, nina mtu Mikindani anatafuta chombo cha kubebea chumvi.