StringIO inapoangukia Ng’ambo

Waalaikum salaam. Unasema ripoti unayoikusanya kwenye StringIO, ile “faili” ya Python inayokaa kwenye kumbukumbu, siku nyingine inatoka safi, siku nyingine inafia kwenye getvalue, amri ya kuyatoa maandishi yote, ikilalamikia baiti 0xe2, na kodi ya programu hujaigusa. Yakhe, kitu hichi kilinikosesha usingizi wiki nzima.

Nilikuwa naliandikia duka moja la fanicha hapa mjini programu ya orodha ya mizigo ya kupelekwa kwa wateja, kwa Python 2.7. Oda za mitaa ya Mji Mkongwe, Fuoni, Mwanakwerekwe, zote zinapita. Ikiingia ya mtaa wa Ng’ambo, chali. Tena si kila ya Ng’ambo: aliyoiandika kijana wa kaunta kwenye Notepad ilipita, aliyoinakili bosi kutoka Word ikaangusha.

Kumbe alama ya Word si ile ' ya kibodi. Ni ’ iliyopinda, namba yake kwenye Yunikodi (orodha ya herufi za lugha zote) U+2019, na kwenye UTF-8, njia ya kuziandika herufi hizo kwa baiti, inakula baiti tatu: E2 80 99. Kwa hiyo Ng’ambo ukihesabu na alama yake ni saba, lakini baiti ni tisa. Kiswahili kilichobaki karibu chote kinatosha ndani ya ASCII, ile orodha ya zamani ya herufi za Kiingereza, baiti moja kwa herufi, ndiyo maana ugonjwa unajificha mpaka apite ng’ombe.

Sasa StringIO ya zamani haichagui. Iandikie baiti, iandikie Yunikodi, inapokea kimya na kuvipanga tu. Kuviunganisha ni mpaka uite getvalue. Hapo inajaribu kuzisoma baiti kama ASCII, inakutana na 0xe2, inaanguka. Mstari unaotajwa kwenye kosa sio ulioharibu. Siku tatu nilikuwa nachungulia getvalue bure, na mkosaji yuko mbali kule juu, faili nililolisoma bila decode, yaani bila kuzigeuza baiti kuwa Yunikodi.

Hamia io.StringIO, hata hapo kwenye 2.7 ipo. Hiyo ni ya Yunikodi tu. Ukiitilia baiti inakataa palepale kwa TypeError, kosa la aina ya data, na huo ukali ndio unaoutaka. Baiti zipe BytesIO, ndugu yake wa baiti. Fanya decode mara tu unaposoma faili, encode, kuirudisha kuwa baiti, wakati wa kutoa tu. Faili likitoka Excel tumia utf-8-sig, bila hivyo BOM, alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, inang’ang’ania jina la safu ya kwanza. Moduli ya csv ya Python 2, ya kuandika majedwali, lakini inaandika baiti, kwa hiyo yenyewe inataka BytesIO. Kero hiyo peke yake ilinitosha kuhamia 3, na Python 2 yenyewe iliachwa rasmi Januari 1, 2020.

Usisome BytesIO vipande vipande halafu ukafanya decode kila kipande. read(4) ya Ng’ambo inakupa N, g, E2, 80: alama imekatwa katikati, kosa jipya. Ivishe io.TextIOWrapper, inayokufanyia decode yenyewe, yenye encoding='utf-8', itakungojea baiti ya tatu.

Halafu badilisha ’ iwe ' kwa replace kabla ya kujumlisha oda kwa mtaa. Normalize ya NFKC, njia ya Yunikodi ya kusawazisha herufi, haiigusi. Mimi nilisahau, ripoti ya mwezi ikatoka na Ng’ambo mbili, bosi akaniuliza hiyo ya pili iko wapi.