Maswali yenu kuhusu Star Wars: majua mawili, sauti ya tembo na Mkenya aliyemo ndani ya Falcon

Maswali ya Star Wars, zile filamu za vita vya angani, yamezidi mengine yote, kwa hiyo safari hii nayajibu hayo tu. Ni saga ninayoipenda kwa moyo wote, na nimefurahi kuona tuko wengi huku Arusha na Moshi.

Kaka, nimenunua fleshi yenye filamu zote, na muuzaji amezipanga namba 1 hadi 9. Nianze na namba 1 na wanangu? – Mama, Sakina

Hapana, mama. Anza na namba 4, ile iliyotoka Mei 1977, kisha ya 5 (1980) na ya 6 (1983). Namba zinafuata mtiririko wa hadithi, siyo mwaka wa kutoka. Zile tatu za mwanzo zilitengenezwa baadaye, 1999, 2002 na 2005, kusimulia yaliyotangulia. Ukianzia huko, siri kubwa ya filamu ya 1980 inafichuka kabla ya wakati wake, na watoto wanatazama mara ya kwanza mara moja tu. Za 2015, 2017 na 2019 ziwe za mwisho. Rogue One ya 2016 inaishia pale hadithi ya 1977 inapoanzia, lakini vifo vyake ni vingi, kwa hiyo wadogo wasubiri.

Sayari ya shujaa Luke, ambako majua mawili yanazama pamoja, ni ya kubuni tu au kuna kitu kama hicho? Na lile jangwa lilichorwa kwa kompyuta? – Mwalimu, Moshi mjini

Sayari yenyewe, Tatooine, ni ya kubuni. Jangwa ni la kweli, na liko Afrika. Mwaka 1976 mwongozaji George Lucas alipeleka kamera kusini mwa Tunisia, na jina la sayari limetokana na mji wa huko uitwao Tataouine. Nyumba ya Owen, baba mdogo wa Luke, yenye ua uliochimbwa chini ya usawa wa ardhi, ipo Matmata. Waberiberi wa eneo hilo wamekuwa wakichimba makazi ya namna hiyo kwa vizazi vingi ili kukwepa joto, na iliyotumika kwenye filamu ni hoteli iitwayo Sidi Driss. Baa ambamo Luke anakutana na rubani Han Solo, kwa upande wa nje, ni jengo la Ajim katika kisiwa cha Djerba. Walirudi Tunisia kwa ajili ya filamu ya 1999 na kujenga mji wa Mos Espa katikati ya mchanga. Naomba wanafunzi wako walijue hili. Dunia nzima ilipotaka kuona sayari ya mbali kuliko zote, ilionyeshwa ujenzi wa Waafrika.

Kuhusu majua: mwaka 2011 wataalamu wa darubini ya anga ya Kepler, ya NASA, walitangaza sayari ya Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 245. Hata hivyo Owen asingeweza kulima huko, maana ni sayari ya baridi kali, na uzito wake unakaribia ule wa Zohali.

Kuna kitu cha karibu zaidi ambacho wanafunzi wanaweza kukiona bila kulipia chochote. Mwezi wa Juni, mnamo saa tatu usiku, mawingu yakiruhusu, waupe Kibo kisogo na watazame kusini. Jirani na Msalaba wa Kusini wataona nyota mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba, yenye mwanga mkali kuliko mwenzake, ni Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja, ila kwa darubini, hata ndogo, inagawanyika: ni majua mawili yanayozungukana, umbali wa miaka ya nuru 4.4 hivi kutoka kwetu. Nyota ya tatu, iliyo hafifu, imefungamana nayo pia. Yaani katika nyota zote, majirani zetu wa karibu kabisa ndio wanaoishi kama Tatooine.

Hapa kwetu kuna mzee anayeshikilia kwamba sayari ya barafu ya Star Wars ilipigwa picha kileleni Kibo. Ni kweli? – Mpagazi, Marangu

Sayari hiyo ni Hoth, na ilipigwa picha Finse, nchini Norwei, mwaka 1979, kando ya barafu kuu ya Hardangerjøkulen. Dhoruba ya theluji ilikuwa kali mno, hata Mark Hamill, yaani Luke, akapigwa picha akikimbia nje huku wapiga kamera wamejibanza mlangoni mwa hoteli. Mfikishie mzee shikamoo yangu, na habari hiyo pia.

Han Solo anajisifu kwamba chombo chake, Millennium Falcon, kilimaliza safari ya Kessel kwa chini ya paseki 12. Paseki ni muda au umbali? – Dereva wa Coaster, Himo

Ni umbali. Paseki moja ni miaka ya nuru 3.26, karibu kilomita trilioni 31. Kwa miaka mingi watazamaji walibishana kwa nini mtu ajisifie mwendo kwa kutaja umbali. Filamu ya 2018 kuhusu ujana wa Han ikaonyesha sababu: njia ya Kessel inazunguka eneo la hatari, na Han anakatiza ndani ya hatari yenyewe ili kuifupisha.

Falcon ni meli ya mizigo ya aina ya YT-1300, na Han aliipata kwa kumshinda rafiki yake Lando Calrissian kwenye mchezo wa karata uitwao sabacc. Ndicho chombo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaharibika. Katika filamu ya 1980 mtambo wake wa kuipita kasi ya nuru unagoma tena na tena huku maadui wako nyuma, na anayeutengeneza mwishoni ni roboti R2-D2. Dereva yeyote anaielewa hofu ile bila kutafsiriwa.

Kaka, shikamoo. Je, kuna Waafrika kwenye Star Wars au ni Wazungu watupu? – Mwanafunzi, Ngaramtoni

Marahaba, mdogo wangu. Wapo, na wa kwanza kukutajia anatoka hapo ng'ambo ya Namanga. Katika filamu ya 1983, Falcon inapokwenda kuishambulia Death Star ya pili, kituo cha silaha cha maadui kinachofanana na mwezi, aliyekaa karibu na Lando ni Nien Nunb, kiumbe mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyokunjamana. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, na ndani ya maneno yake kuna Kikuyu. Hawakuigeuza wala kuivuruga lugha ile isitambulike. Watazamaji wa Kenya waliisikia na kuielewa, wakati dunia nzima ikidhani ni lugha ya sayari nyingine. Rotich aliitwa tena kwa filamu ya 2015.

Filamu hiyohiyo ya 2015 ina Maz Kanata, bibi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja na mwenye ngome katika sayari ya Takodana. Huyo ni Lupita Nyong'o. Humuoni uso, kwa sababu aliigiza akiwa na alama usoni, kisha kompyuta ikahamishia mienendo yake kwa Maz. Msikilize anavyozungumza na Rey, binti shujaa wa filamu hiyo, kule kwenye chumba cha chini. Upole ule ni kazi ya mwigizaji, siyo ya kompyuta.

Finn, askari wa deraya nyeupe anayetoroka jeshi lake, ni John Boyega, aliyezaliwa London na wazazi wa Kinigeria. Alianza akiwa staringi kabisa. Kufikia filamu ya 2019 amesukumwa pembeni, na hilo linaniuma hadi leo. Hadithi ya mtoto aliyeporwa kwao akapewa namba badala ya jina ilistahili kufikishwa mwisho.

Kila nikisikia vile vyombo vidogo vya maadui, TIE fighter, nasikia tembo. Ni mimi tu? – Muongoza watalii, Usa River

Sikio lako ni zuri. Fundi sauti Ben Burtt alichukua mlio wa tembo, akauchanganya na sauti ya gari linalopita kwenye lami yenye maji. Chewbacca, yule mwenza wa Han mwenye manyoya, naye ametengenezwa kwa sauti za wanyama, hasa dubu, na mngurumo wa mapanga ya mwanga ulianzia kwenye mota ya projekta ya sinema. Angani kwenyewe hakuna hewa ya kubeba sauti, kwa hiyo vita ile ingekuwa kimya kabisa. Nashukuru Burtt hakuiacha hivyo.

Death Star ina ukubwa gani? – Kijenge

Kipenyo cha ile ya kwanza kinatajwa kuwa kilomita 160, yaani Arusha hadi Moshi, kwenda na kurudi. Tafuta picha ya Mimas, mwezi wa Zohali: una shimo kubwa upande mmoja na unafanana nayo mno. Hata hivyo hakuna aliyeiga. Chombo cha Voyager 1 kiliupiga picha mwaka 1980, miaka mitatu baada ya filamu kutoka.

Kijiweni tumebishana: Darth Vader, yule adui wa barakoa nyeusi, ni mwigizaji mmoja au wawili? – Kaloleni, Arusha

Mmezidiwa wote. Katika filamu tatu za awali, mwili ni wa Mwingereza David Prowse. Mapigano mengi ya panga, katika ile ya 1980 na ya 1983, ni ya Bob Anderson, bingwa wa mchezo wa vitara. Uso unaofunuliwa mwishoni mwa ile ya 1983 ni wa Sebastian Shaw. Ujanani, katika filamu za 2002 na 2005, ni Hayden Christensen. Sauti ni ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi, ambaye mwanzoni jina lake halikuandikwa kabisa mwishoni mwa filamu. Lilitokea kwa mara ya kwanza kwenye ile ya 1983. Mkitaka kuhakikisha, wekeni katuni ya Simba ya 1994 na msikilize Mufasa akiongea. Ni yeye.