Stelingi Ni Nani Kati ya Hawa Sita?

SWALI

Shikamoo dada. Naifuata safu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika. Juzi nimerudia kuitazama The Avengers, ile sinema ya kundi la mashujaa ya 2012, pamoja na marafiki wawili ambao hawajawahi kushika kitabu cha katuni. Mimi katuni zake za mwanzo nimezisoma, na nazipenda mno. Nina maswali matatu. Kwanza, kwa nini Ant-Man na Wasp, ambao ni waasisi wa kundi kwenye katuni, waliachwa nje, na humo tukawekewa Hawkeye na Black Widow ambao siku ile ya kwanza hawakuwepo? Pili, rafiki yangu mmoja anasema sinema hii haina stelingi. Kila mtu ni stelingi, kwa hiyo hujui umshangilie nani. Nilishindwa kumjibu. Tatu, alipouawa Coulson, yule ofisa anayempenda sana Captain America, nililia, wenzangu wakanicheka. Wakazidi kunicheka ilipojulikana kwamba Fury, bosi wake anayewakusanya mashujaa, aliwadanganya mashujaa hao kuhusu zile kadi za picha za Captain ambazo Coulson alizikusanya. Je, nililizwa na uongo?

Msomaji wa katuni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la pili, maana hilo ndilo nililoingia nalo ukumbini mwaka ule, moyo ukinidunda.

Wengi wetu tumekua na sinema za stelingi mmoja. Unamjua tangu anapotokea. Kamera inamngoja, adui analitaja jina lake kwa chuki, na hata akizingirwa na watu ishirini wewe umetulia, kwa sababu stelingi hafi. Sasa hapa wanakuja sita, na wanne kati yao tayari walishakuwa stelingi kwenye sinema zao: Iron Man na Hulk mwaka 2008, Thor na Captain America mwaka 2011. Wote hao wanagawana dakika 143. Niliogopa kwamba kila mmoja atapewa zamu yake ya kupiga, kisha twende nyumbani.

Niliitazama mara mbili siku ile ile. Mara ya pili niliingia na daftari dogo, nikaliweka pajani, nikawa naandika gizani jina la kila anayeishika picha. Nilipotoka nje kwenye mwanga, mistari ilikuwa imepandana, lakini ukurasa wa vita vya New York ulisomeka vizuri: Natasha (Black Widow), Tony (Iron Man), Captain, Barton (Hawkeye), Hulk, Thor. Majina sita kwa mfuatano, na picha haijakatwa hata mara moja.

Kitafute kipande hicho umwonyeshe rafiki yako. Kinaanza na Black Widow amepanda chombo cha adui angani, anafukuzwa. Iron Man anapita, anamwondolea anayemfukuza, na kamera inamfuata yeye mpaka chini barabarani kwa Captain. Pale anaupiga mwali wake kwenye ngao, mwali unadunda na kuwachoma maadui waliowazunguka. Anapaa tena ukutani mwa jengo, anampita Hawkeye juu ya paa akiwa anavuta upinde. Tunaufuata mshale. Mshale unatufikisha kwa Hulk na Thor, wako mgongoni mwa yule mnyama mkubwa wa chuma na nyama, wanampiga wakiwa pamoja, mpaka anaanguka ndani ya kituo cha treni cha Grand Central. Kimya kidogo. Wamesimama bega kwa bega, halafu Hulk anamrushia Thor ngumi ya pembeni na kumtupa nje ya picha. Najua kipande hicho kiliunganishwa kwa kompyuta. Hilo halinipunguzii kitu, kwa sababu wazo lenyewe ni sahihi: kila mmoja anamkabidhi mwenzake picha kwa tendo. Mwali wa mmoja unatumia ngao ya mwingine. Mshale wa huyu ndio unaotupeleka kwa wale.

Mwambie basi rafiki yako kwamba stelingi yupo, ila ustelingi unapokezanwa. Na kupokezana huko hakukuanzia kwenye kipande kile. Kumbuka Captain anavyogawa kazi pale barabarani. Hawkeye apande juu awe macho ya wote. Iron Man azuie mipaka, asitoke adui hata mmoja. Thor aende kwenye lango la angani, wanakotokea maadui, alibane kwa radi. Yeye na Natasha wabaki chini. Mwisho anamgeukia Hulk na kumpa kazi ya neno moja, avunje, na uso wa Hulk unafunguka kwa tabasamu. Ndani ya sekunde chache hata mtu ambaye hajawahi kusoma katuni anajua nani yuko wapi, na kwa nini hakuna mwingine awezaye kuwa pale. Kabla ya hapo, Captain amewaamuru polisi wawaondoe watu mtaani, na ofisa mmoja anamuuliza kwa nini amsikilize yeye. Maadui wanashuka, Captain anawamaliza mbele ya macho yake, na papo hapo ofisa anaanza kuyarudia maagizo yale yale kwa wenzake. Hakuna aliyetoa hotuba ya kumtukuza Captain.

Ila kinachonifanya niipende sinema hii kuliko nyingi za aina yake ni ule ugomvi ndani ya meli inayoruka. Wote wako chumba kimoja, sauti zinapandana, kamera yenyewe inapinduka. Captain anamwambia Tony Stark, yaani Iron Man, usoni kwamba yeye si mtu wa kujilaza juu ya waya wa miba ili mwenzake apite. Stark anajibu kwamba angeukata tu huo waya. Jibu la mtu mwenye akili, na pia la mtu anayeogopa. Wakati huohuo Banner, yaani Hulk kabla hajageuka, anazungumza kwa upole wake, na sisi tunaona kabla yake kwamba mkono wake umeishika fimbo ya enzi ya Loki, adui wao mkuu. Captain anamwomba aiweke chini. Banner anautazama mkono wake kama si wake. Mwigizaji wake, Mark Ruffalo, anakifanya kitendo hicho bila kelele yoyote, na mimi kinanitisha kuliko jitu la kijani likivunja ukuta.

Baadaye lile neno la waya linarudi. Wakubwa wanarusha kombora la nyuklia kuelekea mjini, na Stark analibeba mgongoni kulipitisha kwenye lango akijua huenda asirudi. Anampigia simu Pepper, mpenzi wake. Pepper yuko ndani ya ndege, ameganda mbele ya televisheni akiangalia habari za vita hivyo hivyo, simu inaita pembeni yake na haioni. Hakuna waya wa kukata hapo. Captain alikosea kuhusu Stark, na sinema haimlazimishi kusema samahani.

Sasa swali lako la kwanza. Tukubaliane kwanza kwamba kwa hesabu yako hata Captain America angeachwa nje. Toleo la kwanza la mwaka 1963, la Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, lina watano: Iron Man, Thor, Hulk, Ant-Man na Wasp. Captain alipatikana kwenye barafu katika toleo la 4, mwaka 1964. Hawkeye aliingia toleo la 16, mwaka 1965, baada ya kuanza kama adui wa Iron Man. Kundi hili lilikuwa likibadilika watu tangu utotoni mwake. Hulk mwenyewe aliondoka katika toleo la 2, kwa sababu aliona wenzake hawamwamini.

Lisome tena lile toleo la kwanza, utaona sinema imechukua nini. Loki anataka kumnasa Thor, na chambo chake ni Hulk. Anamfanya aone baruti juu ya reli. Hulk anairukia kuiondoa, daraja linabomoka, naye analishikilia kwa mwili wake treni ipite salama. Shukrani anayopata ni kuwindwa kama mhalifu. Rick Jones, kijana rafiki wa Hulk, anatuma wito wa msaada kwa redio, Loki anaupotosha umfikie Thor, na bila yeye kupenda wengine nao wanausikia. Wanamkuta Hulk amejificha kwenye sarakasi, anajifanya roboti. Yaani kundi linazaliwa kwa hila ya adui iliyomponyoka, na katikati yake yuko mtu anayeogopwa na wale aliowaokoa. Haya yote yamo kwenye sinema hii ya mwongozaji Joss Whedon, hata bila ile treni.

Chanzo cha pili ni The Ultimates, katuni iliyoanza 2002, ya Mark Millar na mchoraji Bryan Hitch. Huko ndiko alikotoka Fury mwenye sura ya mwigizaji Samuel L. Jackson, miaka 6 kabla Jackson hajaonekana mwishoni mwa Iron Man. Huko ndiko jina la Chitauri, lile jeshi la maadui kutoka angani, lilikotoka, na huko kundi linakusanywa na serikali, huku Hawkeye na Black Widow wakiwa watu wa kazi za siri. Ukishaamua kwamba Fury ndiye anayewaita, wawili hao wanaingia wenyewe, kwa sababu ni watu wake.

Lakini kuhusu Wasp niko upande wako, na kwa uchungu. Katika toleo la kwanza, jina la Avengers linatoka kinywani mwake. Mwanamke pekee kati ya waasisi ndiye aliyelibatiza kundi, na kwenye The Ultimates pia yumo. Kwenye sinema hayupo, na Natasha amebaki mwanamke pekee kati ya sita. Ant-Man alipata sinema yake mwaka 2015, na humo Hank Pym, yule Ant-Man muasisi, ni mzee anayechezwa na Michael Douglas. Wasp alisubiri mpaka 2018 ndipo jina lake liingie kwenye kichwa cha sinema, tena vazi likavaliwa na binti wa Pym. Scarlett Johansson, anayemcheza Natasha, anafanya kazi nzuri sana, na pale Natasha anapomlaghai Loki mpaka anamtobolea siri yake ni mahali ambapo hakuna nguvu za ajabu ambazo zingesaidia. Bado ningependa kumwona Wasp akilitamka lile jina. Na Hawkeye naye kaonewa, maana karibu nusu ya sinema yuko chini ya uchawi wa Loki. Hatumjui vya kutosha wakati anapokombolewa.

Niseme neno kuhusu kipigo cha Loki, ingawa hukuuliza. Hulk alipomshika miguu na kumbamiza sakafuni huku na huku, ukumbi wote ulipiga kelele kiasi kwamba sikusikia kabisa anachosema Hulk akiondoka. Nilikisikia mara ya pili tu. Anamwita mungu dhaifu.

La tatu. Hukulizwa na uongo, mdogo wangu. Ni kweli kadi hazikuwa mfukoni mwa Coulson alipochomwa. Maria Hill, msaidizi wa Fury, anamwambia Fury kwamba zilikuwa kabatini, kwa hiyo damu ile ilipakwa makusudi. Fury aliwasukuma mashujaa kwa hila, na una haki ya kumkasirikia. Lakini Coulson alikufa kweli, na kadi zilikuwa zake kweli. Rudi nyuma mpaka pale anapomweleza Captain habari zake, ndani ya ile meli inayoruka. Anaona haya kama mtoto. Anasema ni seti kamili ya zamani, ilimchukua miaka miwili hivi kuikusanya, ziko karibu kama mpya, ila pembeni zimeanza kubadilika rangi kidogo.

Hayo ya pembeni huyasemi kama hujawahi kukaa na kadi zako peke yako, ukizigeuza moja moja kwenye mwanga. Mimi nina toleo moja la katuni ambalo kona yake ya chini imelegea kwa kufunguliwa, na naweza kukueleza mkunjo wake bila kulitazama. Wenye nguvu za ajabu kwenye hadithi ile ni wengine. Coulson ni msomaji, kama wewe. Alitaka Captain amtilie saini tu.

Fury anapozitupa mezani, zinatawanyika mbele ya Captain na Stark, damu haijakauka. Captain anaichukua moja na kuitazama. Ni picha yake mwenyewe, na haina saini. Hapo ndipo nilipolia mimi, mara zote mbili.