Masika Yameanza, Tokeni Mkatazame Kuta

Dada mmoja wa Mbagala ameniandikia wiki hii. Amenunua simu yenye kamera nzuri, anataka kuzunguka mitaani kupiga picha za michoro ya ukutani kama ninavyofanya mimi, lakini mvua hazikatiki na mama yake anamwambia asubiri mpaka Juni. Yeye nilimjibu kwa kifupi. Hapa nawajibu wote kwa kirefu, maana najua mko wengi mnaotaka kitu hicho hicho.

Usisubiri Juni, mdogo wangu. Masika ndiyo msimu wenyewe. Vumbi lililoganda ukutani tangu Januari linaoshwa lote, na rangi ikilowa inakolea. Jua la Dar la saa sita mchana linapausha picha. Wingu la Aprili linaumwaga mwanga sawasawa, ukuta mzima ukaonekana. Na kubwa kuliko yote, watu wamejibanza barazani. Siku ya jua fundi yuko kazini, hana muda na wewe. Siku ya mvua biashara imesimama, kila mtu yuko chini ya bati anasubiri ikatike, na mtu anayesubiri anaongea.

Mimi hayo niliyapata Mwananyamala. Mvua ilinikuta njiani nikakimbilia kibaraza cha saluni ya kinyozi. Ukuta wa nje ulikuwa umechorwa vichwa safu mbili, kila kimoja na mtindo wake: panki, kipara kinachong'aa, ndevu zilizochongwa mpaka sikioni. Chini ya kila kichwa kuna namba, mteja akiingia anataja namba tu. Nikasema kwa sauti kwamba aliyechora pale ana mkono. Pembeni yangu kulikuwa na mzee amekaa kwenye benchi. Nikamwamkia.

"Marahaba, kijana. Hiyo kazi yangu."

Akanyanyuka, akanivuta upande wa kushoto ambako ndevu za namba saba zilikuwa zimevimba. Akabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka, ukamwagika unga mweupe. "Chumvi hii," akasema. Upande ule plasta ilikuwa mpya, haijakauka, na mwenye saluni alikuwa na haraka ya kufungua. Rangi ya mafuta ikapakwa juu ya plasta mbichi. Maji yaliyobaki ndani yanatafuta pa kutokea, yanabeba chumvi iliyomo kwenye mchanga na saruji, yakifika juu yanakuta rangi imeziba, basi yanaisukuma mpaka inabanduka. Upande wa kulia plasta ilikuwa ya miaka mingi, na vichwa vyote viko vilevile alivyoviacha. Akanionyesha na ule mkanda wa kahawia chini kabisa, hadi usawa wa goti, aliopaka rangi ya maji ya bei ndogo. Pale ndipo bajaji zinaporusha tope, alisema, pale panarudiwa kila mwaka, ya nini kutia pesa.

Mvua ilikatika zamani, sisi bado tunaongea. Nilitoka pale nimejua mambo ambayo hakuna mtu mwingine angenieleza. Mpaka leo nikifika kwenye ukuta naanza kuangalia chini, maji yamepanda hadi wapi, kisha ndiyo napandisha macho kwenye mchoro. Na nisingekuwa nimelowa siku ile nisingeyapata.

Mtaniuliza pa kuanzia. Ukiwa mgeni wa mambo haya nenda Mikocheni, Nafasi Art Space, ipo tangu 2008. Wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena na kuta zake zimejaa michoro. Fuatilia pia kazi za Wachata, kundi la wachoraji wa grafiti wa hapa hapa Dar. Fika Oysterbay pale Morogoro Stores, alipokuwa akiuza picha zake Edward Saidi Tingatinga. Alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akaanza mwishoni mwa miaka ya 1960, na 1972 akafariki. Miaka michache tu ya kazi, na hadi leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Likumbukeni hilo jina, nitalirudia.

Lakini usiishie huko wanakokwenda watalii. Ingia Sinza, Manzese, Tandale, Magomeni. Tazama vibanda vya chipsi, saluni za kike, gereji zenye injini iliyochorwa ukutani nati kwa nati, matawi ya Yanga ya kijani na njano, ya Simba mekundu na meupe. Hata yale maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" yana mkono wake, wengine wanayaandika kwa herufi nzuri kuliko za mabango ya benki. Kwangu mimi yote hayo ni sanaa na sibishani na mtu.

Mambo ya usalama ni machache. Vaa yeboyebo, usivae raba. Simu itie kwenye mfuko wa mkate. Na bonde la Msimbazi liogope. Mto ule unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo unaweza kuwa Magomeni huoni hata tone, kumbe huko juu imenyesha usiku kucha na maji yako njiani. Jangwani pakijaa, Barabara ya Morogoro inafungwa na wewe umebaki ng'ambo. Desemba 2011 watu walikufa kwa mafuriko katika jiji hili, na wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Picha yoyote iliyoko bondeni itasubiri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Kuna ukuta mmoja Kinondoni niliupenda sana. Bahari, ngalawa mbili, na mama anakaanga samaki, mafuta yamechorwa yanaruka mpaka unataka kukwepesha uso. Niliupiga picha asubuhi ya mvua, rangi zimekolea, mbele kuna dimbwi na ngalawa zote mbili zinaonekana ndani yake. Niliiweka mtandaoni na jina la fundi. Watu waliipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Mwisho wa mwaka rafiki yangu akaniletea kalenda ya kampuni fulani. Mwezi Aprili ni picha yangu. Wameikata kona ya chini, pale pale fundi alipoandika jina lake na namba ya simu.

Nilipiga simu ofisini kwao. Nikaambiwa picha za barabarani ni za kila mtu. Nilipopiga tena wakaacha kupokea. Nakala ya kalenda nilimpelekea fundi mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na namba yangu iko wapi?"

Sina jibu la swali lile hadi leo. Nina hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Yule baba hakuwa anadai utajiri. Namba ile ndiyo duka lake. Mtu anaona ukuta, anapiga simu, fundi anapata kazi ya wiki mbili. Ukikata kona umemfungia duka.

Na si kweli kwamba ni za kila mtu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inalinda picha za kuchora na picha za kamera, na aliyetengeneza kazi ana haki ya kutajwa. Ukuta kuwa barabarani hakumfutii mchoraji haki yake. Tingatinga tunamjua kwa sababu aliandika jina lake na watu wakalitaja. Mafundi wangapi wa jiji hili wamechora maisha yao yote na hakuna anayewajua kwa sababu sisi wenye simu tulikuwa wavivu wa kuuliza?

Kwa hiyo beba kitambaa. Wengi wanasaini kona ya chini, na kona ya chini ndiyo tope la masika linaifunika kwanza. Futa taratibu, usisugue, rangi ikiwa imevimba utaing'oa. Piga picha kona yote ionekane. Kama hakuna saini, uliza dukani, uliza kwa mama ntilie, uliza bodaboda wa kijiweni. Fundi hakai mbali na kazi yake. Ukimpata, salimia kwanza, kamera baadaye. Chini ya picha andika mtaa, mwaka na jina lake, na namba kama ameridhia. Yule mzee wa Mwananyamala alipigiwa simu na mwenye duka wa Tegeta aliyeona picha yangu, akaenda akachora ukuta mzima. Hilo najivunia kuliko sifa zote za mtandaoni.

Picha mtakazopiga masika haya nitumieni, nitaziweka hapa. Isiyo na jina la fundi sitaiweka, hata iwe nzuri vipi.