Maswali ya Wasomaji: 42 kutoa 17

SWALI: Mwanangu yuko darasa la pili. Nikimpa 42 kutoa 17 anaandika 35. Nimemkusanyia vizibo vya soda, kuhesabu anavihesabu vizuri, lakini jibu ni lilelile. Nifanyeje? – Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Mama, kwanza mpe 42 kutoa 18. Hiyo 35 hufikiwa kwa njia mbili, na hesabu uliyompa haizitenganishi. Akijibu 36, kwenye mamoja ametoa 2 kwenye 8, yaani ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Akijibu 34, kukopa anajua, ila amesahau kupunguza makumi.

Wa 36 haoni kwamba ile 4 ni makumi manne. Vizibo havitamsaidia sana, maana havifungiki. Kumi inabaki rundo tu. Chukua ufagio wa chelewa, kata vijiti 50 vya sentimita 10, funga kumi kumi kwa rababendi. Kamba ya mkonge Tanga haikosi, lakini hapa iache: fundo litamshinda, na kufungua ndiyo somo lenyewe.

Apange mafungu 4 na vijiti 2. Hiyo 18 ibaki kwenye karatasi, isipangwe mezani. Ukipanga namba zote mbili mtoto huishia kujumlisha, na hapo wazazi ndio wanaokosea, si watoto. Sasa atoe 8. Anavyo 2. Nyamaza, mwache akwame kidogo. Akishafungua fungu moja ana mafungu 3 na vijiti 12. Ahesabu vyote upya, aone bado ni 42. Usiruke hapo hata kama ana haraka ya kwenda kucheza. Kisha atoe 8, vibaki 4. Atoe fungu 1, yabaki 2. Jibu 24.

Wa 34 vijiti vyake ni hivyohivyo, ila kalamu iende na mkono: rababendi ikitoka tu, akate 4 aandike 3 juu yake, na 2 iwe 12. Akingoja amalize vijiti ndipo aandike, atasahau tena.

Maswali matano kwa siku yanatosha. Akizoea, achore: mstari kwa kila kumi, nukta kwa kila moja, na kufungua fungu kuwe kufuta mstari na kuchora nukta kumi. Halafu mjaribu na 40 kutoa 17. Akiandika 37, rudisheni vijiti mezani.